Daktari, nimtoe paka wangu kucha?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina paka jike wa miezi minane, anakaa ndani muda wote. Katika wiki tatu amemaliza mkono mzima wa kochi letu jipya la ngozi, na mapazia mawili yamebaki nyuzinyuzi. Mume wangu amesema nichague, paka au kochi. Juu ya hayo mama mkwe wangu, mwenye miaka sabini na kitu, amehamia kwetu, naye anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Juzi paka alimparura mkononi na damu ikachukua muda mrefu kukata. Nimempata daktari aliye tayari kumtoa kucha za mbele kwa leza siku hiyohiyo atakayofungwa kizazi. Anasema leza haina maumivu, ni kama kukata kucha mara moja tu zisiote tena. Rafiki yangu ananiambia huo ni ukatili na kwamba zipo nchi ambako mtu anafungwa jela kwa jambo hilo. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada yangu, msikilize rafiki yako. Sisemi hivyo kwa sababu amekutisha na jela, ingawa kwenye hilo la jela nalo hajakosea na nitalifikia. Nasema hivyo kwa sababu huyo mwenzangu mwenye leza amekupa nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye mfupa.

Nyoosha kidole chako cha shahada ukitazame. Kina pingili tatu. Ukucha wako umelala juu ya pingili ya mwisho kama kigae juu ya paa; ukibanwa na mlango ukang'oka, pingili inabaki, na baada ya miezi kadhaa unakuwa na ukucha mwingine. Paka hakuumbwa hivyo. Ukucha wake umechomoza kwenye mfupa wenyewe wa pingili ya mwisho, na ile nyama inayouzalisha imeukumbatia mfupa huo kiasi kwamba huwezi kuiondoa nyama ukauacha mfupa. Anayetaka ukucha usiote tena hana njia nyingine: anapita kwenye kiungo na kuitoa pingili nzima, pamoja na mishipa ya fahamu, ligamenti na kano zilizoishikilia. Madaktari tunaiita onikektomia, jina la kistaarabu lisilomtisha mtu. Mguu wa mbele wa paka una vidole vitano, kwa hiyo miguu miwili ni vidole kumi. Hilo ndilo unaloombwa uliridhie: viungo kumi vikatwe asubuhi moja kwenye mwili wa kilo tatu hivi, siku ileile tumbo nalo limefunguliwa na kushonwa.

Na leza je? Nisimwonee mwenzangu. Zipo njia tatu za kuifanya kazi hii. Ya zamani ni mkasi wenye tundu, ule wa kukatia kucha za mbwa, unaoshuka kama panga dogo na mara nyingi kuacha kipande cha mfupa nyuma. Ya pili ni kisu cha upasuaji, daktari anatenganisha kiungo polepole. Ya tatu ndiyo leza. Leza huziba mishipa midogo ya damu wakati inakata, kwa hiyo damu inapungua na huenda siku chache za mwanzo zikawa afadhali kidogo. Mkono usipokuwa mzoefu, hiyohiyo leza inaunguza nyama na mfupa wa jirani. Kwa njia zote tatu, kinachoishia kwenye ndoo ni kilekile. Kusema haina maumivu ni maneno ya mauzo. Paka ni mwili mdogo wenye maadui wengi porini, na amejifunza kuficha maumivu kuliko mnyama yeyote ninayemtibu. Anakula, anajilamba, anapanda kitandani, na wewe unasema amepona.

Mtazame paka wako anavyotembea. Hakanyagi kwa nyayo kama sisi. Anakanyaga kwa vidole, mwili wote umebebwa na vidole. Pingili ya mwisho, yenye ukucha, muda mwingi imevutwa juu na ligamenti zinazonyumbuka kama mpira, ndiyo maana akipumzika huzioni kucha. Akitaka kuzitoa, kuna kano inayopita chini ya kidole, anaivuta na ukucha unachomoka. Sasa katisha pingili hiyo. Kano iliyokuwa imejishika pale inabaki haina pa kushika, inarudi nyuma, na kwa paka wengine inajikunja ikavuta kidole kizima chini kikabaki kimepinda. Uzito unaokwepa vidole vinavyouma unahamia nyuma ya kiganja, kisha begani, kisha mgongoni. Hilo halitokei kwa kila paka wala halitokei kesho yake, na ndiyo sababu mtu anaweza kukuapia kwamba paka wa dada yake alitolewa kucha na hakupata lolote.

Kuna dume mmoja wa rangi ya majivu simsahau. Aliletwa kwangu akiwa na miaka sita, tatizo lililoandikwa kwenye fomu ni "kiburi": anakojoa kwenye zulia la bafuni na juu ya nguo zilizokunjwa, na amemng'ata mtoto wa nyumbani mara mbili. Hakuna aliyetaja miguu. Nilimfungia kwenye chumba chenye beseni la choo cha paka, lenye mchanga wa punje kubwa, nikakaa kwenye kiti kimya. Alilifuata beseni, akaingiza mguu mmoja, akautoa na kuukung'uta kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Akajaribu na wa pili. Akautoa. Kisha akaenda kwenye taulo nililoliacha sakafuni makusudi, akachuchumaa. Nilimpiga eksirei ya viganja. Kwenye vidole vinne kulikuwa na vipande vya mfupa vilivyobaki, kama punje za mchele, na kimoja kilikuwa kimeotesha kiukucha kilichopinda ndani ya ngozi, kikichoma kuelekea kwenye kinyama laini anachokanyagia. Mwenyewe aliporudi kumchukua nilimwonyesha picha. Alinyamaza, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo miaka yote hii alikuwa anaumwa?"

Hadithi ya paka mmoja si ushahidi, najua. Kwa hiyo chukua na hesabu. Mwaka 2018 jarida la Journal of Feline Medicine and Surgery lilichapisha utafiti uliowalinganisha paka 137 waliotolewa kucha na wengine 137 wenye kucha zao. Waliotolewa walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu zaidi wa kukutwa na maumivu ya mgongo, zaidi ya mara nne wa kuuma, na kama mara saba wa kujisaidia nje ya beseni. Asilimia 63 kati yao walikuwa na vipande vya mfupa vilivyobaki vidoleni. Nilichokisoma mara mbili ni hiki: hata wale ambao upasuaji wao ulikuwa safi, bila kipande kilichobaki, walikuwa na hali nzuri kuliko wenye vipande lakini bado waliwazidi paka wenye kucha kwa kuuma na kwa kujisaidia nje ya beseni. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba upasuaji ndio uliosababisha kila kitu; inawezekana watu wenye paka wakorofi ndio wanaokimbilia kuwatoa kucha. Mimi, nikijumlisha na ninayoyaona mezani, sina shaka kubwa.

Nije kwa mama mkwe, maana hapo ndipo hoja yako ina uzito, na si haki kuipita kwa kusema tu "ukatili". Mzee mwenye damu nyepesi akiparurwa anavuja, ngozi yake ni karatasi, na wewe unaogopa. Lakini linganisha mparuro na meno. Ukucha unapita juujuu, jeraha liko wazi, unaliona na kuliosha. Jino la paka ni jembamba na refu, linaingia kama sindano, linapanda bakteria waitwao Pasteurella chini ya ngozi, halafu tundu linajifunga juu yao. Kesho yake mkono umevimba. Likiingia karibu na kiungo cha kidole, mtu anaweza kulazwa. Paka mwenye kucha akiudhika anakutangulizia kofi, na mara nyingi kofi hilo ni onyo tu. Mnyang'anye kofi, na silaha inayobaki ni ile ya kinywani. Ungemlinda mama dhidi ya kidogo kwa kumkaribisha kikubwa.

Kuna pia ile homa inayofuata mparuro wa paka, ambayo watu wengi hutajiwa kama sababu ya kutoa kucha. Kiini chake ni bakteria Bartonella henselae, nao hupita kati ya paka na paka kwa viroboto. Kinyesi cha kiroboto ndicho kinachojificha chini ya ukucha na kuingia kwenye mparuro. Dawa ya viroboto, basi, inakata mzizi. Hata miongozo ya afya ya Marekani kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ambao kinga yao huenda ikawa dhaifu kuliko ya mama mkwe wako, haiwashauri watoe paka kucha. Inawashauri wadhibiti viroboto, waepuke michezo ya kuparurana, na waoshe mparuro mara moja.

Sasa niulize mimi. Paka alimparura mama akiwa anafanya nini? Kwa paka wa miezi minane nabahatisha mambo mawili: ama mkono ulikuwa unachezacheza mbele yake, ama alipakatwa akataka kushuka akazuiwa. Umri huo ni ujana wake, kila kinachotikisika ni windo. Mkono usiwe mchezo wake tena, wa mtu yeyote nyumbani, kwa sababu paka hatofautishi mkono wako na wa mama. Mchezesheni kwa kijiti kirefu chenye kamba na unyoya, dakika kumi asubuhi na kumi jioni kabla ya kula, mpaka alale chali akihema. Mama asimnyanyue, akitaka kumpakata, aweke kitambaa kizito mapajani na kumwacha paka aje na aondoke mwenyewe. Akiparurwa, sabuni na maji yanayotiririka, kisha kubana kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia chungulia. Damu ikiendelea baada ya hapo, au paka akimuuma, apelekwe kwa daktari wake siku hiyohiyo.

La jela. Uingereza jambo hili ni kosa chini ya sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006, isipokuwa kwa sababu ya matibabu. Mkataba wa Baraza la Ulaya kuhusu wanyama wa nyumbani, wa mwaka 1987, uliutaja utoaji wa kucha miongoni mwa mambo ya kupigwa marufuku, pamoja na kung'oa meno. Israeli ilipitisha sheria yake 2011, na adhabu yake inafika kifungo cha mwaka mmoja na faini ya shekeli 75,000; nadhani huko ndiko rafiki yako alikolisikia. Mabishano makali yamekuwa Marekani na Kanada, ambako kwa miongo mingi upasuaji huu uliuzwa kama kifurushi kimoja na kufunga kizazi, kama unavyouziwa wewe. Mji wa West Hollywood, California, ulipiga marufuku mwaka 2003. Chama cha madaktari wa wanyama cha jimbo hilo kiliupeleka mahakamani, na mwaka 2007 mahakama ya rufaa ikaupa mji haki. Jimbo likatunga sheria ya kuzuia miji isijiamulie mambo ya aina hiyo kuanzia 2010, na kabla tarehe haijafika, Los Angeles, San Francisco na miji mingine kadhaa ikakimbilia kupitisha marufuku zake mwaka 2009. Ilikuwa mbio za kweli. Jimbo la kwanza zima lilikuwa New York, tarehe 22 Julai 2019, faini hadi dola 1,000. Maryland ikafuata 2022, Virginia 2024, Massachusetts Januari 2025. Kanada mambo yalikwenda kwa njia nyingine inayonipendeza zaidi: Nova Scotia, mwishoni mwa 2017, waliokataza ni madaktari wa wanyama wenyewe kupitia chombo chao, na majimbo mengi yakaiga.

Chama kikuu cha madaktari wa wanyama cha Marekani, AVMA, mwaka 2020 kilisema hakipendekezi upasuaji huu ufanywe kwa hiari tu, kikahimiza njia nyingine kwanza, lakini kikamwachia daktari na mwenye paka uamuzi. Wanaotetea kuuacha mlango wazi wana hoja moja ninayoiheshimu: bora paka asiye na kucha mwenye nyumba kuliko mwenye kucha aliyetupwa akauawa kwenye makazi ya kutunzia wanyama walioachwa. Ingekuwa kweli, ningeumia lakini ningewaelewa. Ila British Columbia walipokataza mwaka 2018, watafiti walipitia rekodi za makazi ya wanyama ya huko, kabla na baada, na matokeo yaliyochapishwa 2022 hayakuonyesha ongezeko la paka wanaosalimishwa wala wanaouawa. Watu walikatazwa, wakalalamika, wakanunua nguzo za kuparuria. Na anayekojoa juu ya nguo za mwenye nyumba hatupwi haraka zaidi kuliko anayeparura kochi?

Huenda ukaambiwa pia kuna njia ya kati, kuikata ile kano ya chini badala ya pingili, ukucha ubaki lakini paka asiweze kuutoa. Ikatae nayo. Ukucha unaendelea kuota, paka hawezi kuunoa, unanenepa na kujipinda, na wewe bado utaukata kila wiki mbili. Umelipia upasuaji na kazi imebaki palepale.

Kuondoa pingili kwa sababu ya ugonjwa ni jambo jingine kabisa. Uvimbe wa kansa kwenye kitako cha ukucha, usaha sugu uliogoma kila dawa, kidole kilichosagwa na mlango: hapo nami ninakata, kidole kile kimoja. Kwa paka mzee kidole kilichovimba ghafla nakipiga picha pamoja na kifua, kwa sababu kansa ya mapafu ya paka ina tabia ya ajabu ya kujitokeza kwanza vidoleni. Paka wako hana lolote kati ya haya. Ana kochi.

Basi tuzungumze kochi. Paka haparuri kwa hasira wala kwa kukosa adabu. Ukucha wake una tabaka juu ya tabaka. Akiparura, gamba kuukuu linavuka na ncha mpya inabaki. Fagia chini ya lile kochi, utaokota vijigamba vyeupe vya umbo la mwezi mwandamo, ndivyo hivyo. Anaponing'inia pale ananyoosha mgongo na mabega, kama wewe unavyojinyoosha ukiamka. Tena kati ya vidole vyake kuna tezi za harufu: mikwaruzo ni saini, harufu ni muhuri. Sasa tazama alichochagua. Mkono wa kochi: umesimama wima, mzito, hautikisiki, uko katikati ya nyumba mahali mnapokaa wote. Mapazia: yamesimama wima, marefu. Hajagusa zulia, la sivyo ungeniambia. Paka wako ni wa wima, na anataka saini yake iwe sebuleni.

Kwa hiyo nguzo yako ya kuparuria iwe ndefu kuliko yeye akijinyoosha wote, kama sentimita 90, kitako kizito, imezungushiwa kamba ya mkonge iliyokazwa. Ujaribu kuisukuma kwa nguvu: ikiyumba, usiinunue, au ifunge ukutani. Paka akiitegemea ikamtikisikia mara moja, harudi tena, na utasema nguzo hazifanyi kazi. Ukienda kuiweka stoo au nyuma ya mlango kwa sababu sura yake haikupendezi, umepoteza pesa. Isimamishe mbele ya ule mkono wa kochi uliolika, igusane nao kabisa. Mkono wenyewe ufunike kwa shuka lililobanwa kwa pini au uubandike utepe wa gundi unaonata pande mbili. Paka hapendi kitu kinachomganda kiganjani. Akiigusa nguzo, hata kwa bahati mbaya, mpe kitonge anachokipenda papo hapo, si baada ya wewe kutembea mpaka jikoni. Usimshike mikono ukamsuguesugue juu yake. Nimeona watu wengi wakifanya hivyo kwa nia njema, na paka akaichukia nguzo kama anavyochukia beseni la kuogea. Wala usimpige au kumrushia kandambili akiwa kwenye kochi. Atajifunza tu kuparura ukiwa hupo.

Akishaizoea, baada ya wiki kadhaa, isogeze kidogokidogo, kiganja kimoja kwa siku, kuelekea unakotaka ikae. Ikichakaa ikawa imetoka manyuzi, ndipo imeiva, usiitupe. Kwa mapazia yafunge juu kwa muda na umpe kitu kingine cha kupanda, rafu au mti wa paka karibu na dirisha, kwa sababu nadhani alikuwa anatafuta pa kuchungulia nje.

Kucha zenyewe zikatwe ncha kila wiki mbili hadi tatu. Hili ndilo litakalomlinda mama kuliko yote. Mkae sehemu yenye mwanga, paka mgongo kwako, mapajani. Shika kidole kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada, ubonyeze taratibu juu na chini. Ukucha utachomoza wenyewe. Utaona ndani yake kuna sehemu ya waridi, kama utambi ndani ya mshumaa. Hiyo ina damu na inauma. Kata ile ncha nyeupe iliyopinda tu, ukiacha nafasi mbele ya waridi. Milimita moja au mbili zinatosha kumwondolea sindano. Tumia kikata kucha kikali, kwa sababu butu kinapasua. Ukikosea damu ikatoka, bana ncha kwa unga wa wanga, mpe kitonge, acha kwa siku hiyo. Usisahau ukucha wa kidole cha ndani kilicho juu kidogo, kile kisichogusa chini. Hakipati msuguano, na kwa paka wazee nimeshaukuta umezunguka na kuingia nyamani.

Vipo pia vifuniko laini vya plastiki vinavyogundishwa juu ya kila ukucha. Vinadumu wiki nne hadi sita, kisha vinadondoka na gamba. Kwa paka wa ndani havina ubaya, na kwa miezi hii ya kwanza ya mama vinaweza kukupa usingizi. Wapo paka wanaovivumilia na wapo wanaovitafuna vyote kabla ya jua kuzama.

Miadi ya kufunga kizazi usiifute, hiyo inamfaa. Futa tu mstari wa kucha kwenye fomu, na uombe wamkate ncha zote kumi na nane akiwa bado usingizini. Huyo daktari akikurudia na habari ya leza, muulize maswali mawili: atakata kwenye kiungo kipi, na baada ya hapo atampiga paka eksirei uone hakuna kipande kilichobaki? Msikilize anavyojibu.

Yule dume wa majivu tulimpasua upya kuvitoa vile vipande, tukampa dawa za maumivu za muda mrefu, mwenyewe akabadilisha mchanga ukawa laini kama unga. Beseni alilirudia baada ya wiki tano hivi. Kukung'uta mguu wa kushoto hakuacha.

Wako ana vidole vyake vyote, kwa hiyo anza leo usiku akiwa amelala fofofo baada ya kucheza. Mkate kucha mbili tu, umpe kitonge, umwache. Kesho mbili nyingine. Mume wako mwombe mwezi mmoja, na hiyo nguzo aikaze yeye mwenyewe isiyumbe.